Paa la Mwalimu Ottilia

Paa jipya linavujaje? Jibu wewe, maana benchi zima la Bwanali lilishindwa, na si kwa kukosa majibu. Majibu yalikuwa mengi kuliko vikombe. Benchi lenyewe liko kwenye kona ya barabara ya Mapera, mbele ya duka, pale bodaboda zinapopumzisha injini kabla ya kupanda kilima. Watu wa hapo wanalima kahawa tangu enzi za mababu zao, lakini kuinywa wamefundishwa na Bwanali, ambaye babu yake alitoka Kilwa na ambaye hana hata mche mmoja. Asubuhi ile ya manyunyu walikuwapo watatu wa siku zote. Urbani anaitwa Mahakama, kwa kuwa zamani alitoa ushahidi kwenye kesi ya mbuzi huko Mbinga mjini, na tangu hapo haongei kama watu, anatoa hukumu. Florian, dereva wa bodaboda, anaitwa Bando, kwa vile hakuna jambo ambalo hajaliona kwenye simu. Wa tatu ni Kilian, anayeitwa Injinia. Jina hilo alijipa mwenyewe.

Paa lililokuwa kesini ni la kibanda cha bustani cha Mwalimu Ottilia, mstaafu anayekaa bondeni, chini ya barabara. Kibanda hakizidi ukubwa wa vitanda viwili. Humo anaweka majembe, mbolea na mbegu. Bati hataki, anasema linachemsha mbegu. Miaka yote kilifunikwa kwa karatasi nene nyeusi zenye lami, zile zinazouzwa zimeviringishwa kama mkeka, na zilipochakaa akaagiza nyingine Songea, akamwita Kilian azibadilishe. Kilian akazibadilisha kwa siku moja. Mvua ya kwanza ilipopiga, gunia la mbegu za mahindi likaota mle ndani, likiwa limefungwa mdomo.

— Limeota gizani, — alisema Urbani, akiweka kikombe chini taratibu kama anayewasilisha kielelezo. — Bila jembe, bila mbolea. Nimelishika kwa mkono wangu.

— Mahindi yakilowa yanaota, mzee, — alisema Bwanali.

— Yanaota shambani. Gunia si shamba. Wewe ni mtu wa duka, haya huyajui.

Florian hakuinua macho kwenye simu.

— Hiyo ni minara. Mnara wa simu pale juu unatoa mionzi, mionzi inalainisha lami. Kuna video. Jamaa mmoja huko Brazili paa lake liliyeyuka lote, likamwagikia ng'ombe.

— Ng'ombe akawaje? — aliuliza Bwanali.

— Video iliishia hapo.

— Wewe mnara uko nyuma ya nyumba yako, — alisema Urbani. — Mbona lako halijayeyuka?

— Langu bati. Bati linarudisha mionzi. Ikirudi ndiyo inampata mwenye lami.

— Kwa hiyo ni wewe uliyevujisha.

— Sijasema hivyo, mzee.

Bwanali alimimina kahawa akitikisa kichwa.

— Tatizo ni bidhaa. Kitu cha kuviringishwa kina kumbukumbu. Ukikilaza kinataka kurudi kilivyokuwa. Usiku mkiwa mmelala, karatasi zinajikunja kidogo, maji yanapita, asubuhi zinajinyoosha. Nani atazikamata?

— Na zile za zamani hazikuviringishwa? — aliuliza Urbani.

— Za zamani zilikuwa na adabu.

Kilian aliinua kikombe kilichokwisha kitambo, akanywa.

Yeye alikuwa anajua. Alijua tangu siku aliyoingia na Mwalimu Ottilia kulitoa lile gunia, akainua macho na kuona maji yakiingia kwa mistari, kila mahali karatasi mbili zilipokutana. Alianza kupigilia juu kabisa, akateremka. Kila karatasi ikawa imelalia ukingo wa ile ya juu yake, mdomo wazi ukitazama kileleni, ukipokea maji kama ngolo, yale mashimo ambayo Wamatengo huchimba shambani ili mvua isiteremke bure. Na Kilian ameezeka nyasi tangu akiwa mdogo. Nyasi zinaanzia chini, kila mtu anajua, hata mlevi anajua. Lakini lami, alijiambia siku ile, ni kitu cha kisasa. Haiwezi kufuata masharti ya nyasi. Tena barabara iko juu ya kibanda. Mpita njia anaona kilele kabla ya ukuta. Kilian akitangulia kumaliza kilele, watu watasema Injinia kazi yake imeshaonekana. Zile karatasi za zamani zingemwonyesha mpangilio wote kama angezitazama, ila alizing'oa upesi upesi, akipiga mluzi.

Na kulikuwa na jambo jingine. Jumapili kamati ya kigango ilikuwa ikae kuchagua fundi wa kuezeka upya kanisa, na mwenyekiti wa kamati, Urbani mwenyewe, alikuwa ameketi hapo hapo benchini, akilamba kashata. Ndiyo maana Kilian hakubishana na mionzi wala na kumbukumbu ya karatasi. Maelezo yote yaliyotolewa yalimfunika kama mwavuli.

— Tuache mchezo, — alisema Urbani. — Injinia, siku unapigilia, nani alipita?

— Watu wengi, mzee. Ni barabara.

— Nani alisimama?

Kilian alifikiri kidogo. Swali lilionekana halina madhara.

— Bibi Walburga.

— Akasema nini?

— Akasema paa linapendeza.

Urbani aliwatazama wenzake mmoja mmoja.

— Alisifia.

— Kusifia nalo kosa? — aliuliza Bwanali.

— Yeye jiko lake limeezekwa nyasi. Mtu wa nyasi anasifia lami bure? Endelea, Injinia.

— Basi. Akaniletea togwa.

— Ukanywa?

— Nilikuwa juani, mzee.

— Ilikuwaje?

— Tamu.

— Andikeni hapo, — alisema Urbani, ingawa hapakuwa na mtu mwenye kalamu. — Tamu.

Florian sasa aliizima simu kabisa, jambo ambalo huwa halifanyi hata kanisani.

— Na bata wake je? Msimu huu bata wa watu wote wamekonda, wa kwake wamenona. Tena usiku ule wa mvua nilisikia vishindo juu ya kibanda cha Mwalimu. Pata, pata, pata. Miguu ya bata.

— Bata hapandi paa, — alisema Bwanali.

— Ndicho ninachosema.

— Na ulisikiaje, na pikipiki inaunguruma?

— Niliizima kwenye mteremko. Nabana mafuta.

— Ukapita kwenye mvua, gizani, injini imezimwa, ukatambua mnyama kwa mguu.

— Mzee Bwanali, wewe hujakulia huku.

Urbani alinyoosha mkono, wote wakanyamaza. Alipenda sana kunyamaziwa.

— Jumamosi tunasali jumuiya. Bibi huyo asimamishwe mbele ya watu, aulizwe habari za uchawi. Akikataa, tusiende tena kusali kwake. Na wale watoto wanaompelekea maji, wazazi wao wawakataze.

— Bibi yule goti lake bovu, — alisema Bwanali. — Mtoni atafikaje?

— Hilo si la mahakama.

Kilian alihisi ule mwavuli ukikunjika mkononi mwake. Nyumba ya Bibi Walburga iko mwisho wa kijia, mbali kiasi kwamba hata kijana mwenye ndoo hupumzika mara moja njiani. Akakohoa.

— Labda tusubiri mvua ya pili, tuone.

Huo ndio ujasiri wote aliokuwa nao.

— Ushahidi umetimia, — alisema Urbani. — Na shahidi wa kwanza ni wewe. Utasimama ueleze habari za togwa. Watu wanakuamini, ndiyo sababu hata kamati tunakufikiria.

Kilian akatazama matope kati ya viatu vyake. Alikuwa bado anayatazama fimbo ilipogonga mawe ya kona, na Bibi Walburga akatokea, khanga kichwani kuzuia manyunyu, akiutanguliza mguu mzima na kuuvuta ule mwingine.

— Shikamoo, bibi, — walisema wote kwa pamoja, na aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Urbani.

— Marahaba, wajukuu zangu. Hamjambo?

— Hatujambo, bibi.

Bwanali alimpisha nafasi. Akakaa karibu na Kilian, akamshika goti, kama mtu anayeegemea kitu anachokiamini.

— Nimekufuata wewe. Habari za Ottilia sijazisikia, huko chini sijashuka tangu mguu uzidi. Lakini lile paa lake bado naliona rohoni. Nimemtuma mwanangu aniletee karatasi kama zile kutoka Songea. Uje unifunikie jiko.

Florian aliiwasha simu, akaizima.

— Nyasi nitazitoa mwenyewe, pole pole, — aliendelea bibi. — Ila sitaki jiko lilale wazi mvua hizi. Nitakuwa natoa kadiri wewe unavyoweka. Sasa niambieni tu, hizo karatasi mnaanzia juu au chini? Nijue nianze kutoa wapi.

Bwanali alimimina kahawa kwenye kikombe kilichojaa.

— Bando, — alisema Urbani kwa sauti ya chini, — tazama humo kwenye simu.

— Mtandao umekata, mzee.

— Wanaume wanne, — alisema Bibi Walburga, bila ubaya, — na hakuna anayejua juu na chini?

Mkono wake ulikuwa bado gotini kwa Kilian. Ulikuwa mwepesi, na Kilian alishindwa kuusogeza.

— Chini, bibi, — alisema. — Unaanzia chini. Kama nyasi.

— Ehe. Nilidhani labda ni tofauti.

— Si tofauti.

Urbani aligeuka mzima mzima, kikombe mkononi.

— Kumbe unajua.

— Ninajua, mzee, — alisema Kilian. — La Mwalimu Ottilia nilianzia juu, ili lionekane barabarani.