Dokta Darshan na Kaseti za Salamu

Ndiyo, huyohuyo mnayeniulizia. Yule Kalasinga wa Kisumu, Dokta Darshan Kalsi, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Septemba 2011, baada ya miaka thelathini na mitano ya kufundisha historia chuoni hapa London. Walimu wamejaa tele, wameniona mimi Matar, dereva wake, ndiye niandike ya kumuaga! Haya, nivumilieni, darasa la nne sikulimaliza.

Alishuka London mwaka 1968, kijana wa miaka kumi na tisa, ndani ya koti la kuazima. Akafagia kiwanda huku anasoma. Wenzake waliandika habari za wafalme, yeye akashika habari za mabomu ya nyuklia. Yakijaribiwa huko mbali, sumu inapanda angani, inashuka na mvua, ng'ombe anakula majani, mtoto anakunywa maziwa. Akataka kujua wakulima waliona nini.

Basi tukawa tunazunguka mashambani huku Uingereza. Dokta anawasha mashine ya kurekodi, halafu anaanza salamu kama yuko Kisumu: hali yako mama, watoto, mvua, ng'ombe? Nusu saa! Mkuu wake akafoka, "Kalsi, kaseti nzima ng'ombe tu! Bomu liko wapi?"

"Bwana mkubwa, nimuulize mtu bomu sijamjulia hali?"

Na kweli, wakulima wakiulizwa bomu walisema hawajui kitu. Lakini kwenye salamu bibi mmoja akasema ng'ombe wazima, ila mwaka mmoja watu wa serikali walichukua maziwa kwenda kuyapima, majibu hawakuleta mpaka leo. Shamba la pili, hivyohivyo. La tatu, hivyohivyo. Kitabu kilichompa jina kimetoka humo.

Mke wangu alipolazwa, Dokta alikuja kumjulia hali, akamaliza wodi nzima. Wagonjwa wakadhani ni daktari, wakaanza kumwonyesha miguu.

Sasa Ijumaa chumba chake kinachukuliwa. Kaseti mia tatu na arobaini hazina pahala, chuo kinasema zitupwe. Juzi nimemkuta Mzee anazifuta vumbi moja moja.

Dokta, ahsante kwa yote. Mungu akupe afya na mapumziko mema huko Harrow, na mama wa nyumbani azoee kukuona mchana.

Na wewe unayesoma, tufanye biashara. Maboksi ni kumi na saba. Chukua moja, liweke chini ya kitanda mpaka tupate pahala pa kudumu. Nakuletea mlangoni, Stratford, Peckham, popote, petroli juu yangu. Wewe sikiliza kaseti moja tu, umpigie Mzee umwambie umesikia nini. La kwanza limeshaingia kwangu. Nikuandike la ngapi?