Selpha Awuor na Chuma chenye Namba Tisa

Ndugu waombolezaji, wasifu huu umeandikwa na kaka wa marehemu, mimi Walter Okumu. Ule wa kwanza, ambao baadhi yenu mlipewa jana hapa matangani, uchomeni. Una uongo, na mwenye uongo huo ni mimi ninayesoma.

Selpha Awuor alizaliwa tarehe 3 Aprili 1961 huko Ahero, mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Okumu, mkulima wa mpunga, na Mama Beldina, ambaye tuko naye hapa. Akiwa darasa la tano, mwaka ambao mafuriko yaliingia hadi jikoni, aliifungua pampu ya jirani iliyojaa matope, akaisafisha kipande kwa kipande, akaifunga tena ikanguruma. Jirani akasema, "Mzee, huyu mtoto wako ana mikono!" Baba alitembea na maneno hayo mwezi mzima.

Kuanzia 1980 hadi 1982 alisomea kazi ya kukereza vyuma kwa vipimo kamili katika chuo kimoja cha ufundi mjini Kisumu. Nilikuwa darasa moja naye. Alikuwa msichana pekee kati ya wanafunzi ishirini na wawili, na mashine ikitushinda ni yeye tuliyemwita. Chuma kikitoka kwenye mashine kina joto, na chenye joto huwa kimetanuka, kwa hiyo ukikipima papo hapo unadanganyika. Kila siku aliniambia, "Wewe Walter, haraka ya nini? Wacha kipoe kwanza."

Siku ya mtihani, Julai 1982, sikungoja. Nilipima shafti yangu, kile chuma cha mviringo tulichopewa kukereza, ikiwa ya moto, nikaikata hadi kipimo, ikapoa ikawa nyembamba kuliko ilivyotakiwa. Chuma kikishakatwa hakirudi. Yake ilikuwa imepoa, ameshaipima, imebaki kugongwa namba ya mtahiniwa tu. Alipoenda kunawa mafuta mikononi, nilizibadilisha. Alirudi kengele ikilia, akagonga namba yake, tisa, kwenye kazi yangu mbovu, bila kuipima tena. Angeshukuje, na aliyesimama karibu naye ni ndugu yake wa tumbo moja?

Matokeo yalitoka Ijumaa, 26 Novemba. Mimi nilifaulu, yeye akaanguka. Tulirudishiwa kazi zetu. Alichukua maikromita, kile kifaa chetu cha kupimia unene, akaipima shafti ile mara mbili, kisha akanitazama. "Hii ilipimwa na mtu mwenye haraka," akasema. Basi. Akaitia kwenye mkoba, akaniambia twende, mama anangoja. Jioni ile Baba alimwambia asirudie mtihani, mmoja kufuzu kunatosha. Nilikuwa nimeketi hapo hapo nakula samaki. Jamani, sikufungua mdomo ila kula, na nilimla yule samaki hadi kichwa.

Tarehe 8 Januari 1983 alifunga ndoa hapa Usenge na Bwana Absalom Oduor, mvuvi, wakajaliwa mabinti wawili, Lornah na Seline. Kwa kuwa hakuwa na cheti, hakuna karakana iliyompokea. Alitengeneza injini za mashua na vinu vya posho kwa tupa ya mkono na jicho lake, na wenye mashua mlio hapa mnajua mlikuwa mkimngoja yeye, si mwingine. Mimi, kwa cheti chake, nimekuwa mwalimu wa karakana tangu 1988. Kila muhula nawaambia wanafunzi wangoje chuma kipoe, nao huandika kwenye daftari kana kwamba ni maneno yangu. Naona haya hata kulisimulia hili. Jumatano nilimpelekea mkuu wa chuo ninachofundisha barua yenye habari hii yote, na cheti nikakitia ndani. Akinifukuza, amefanya haki.

Mwezi wa Mei shinikizo la damu lilimpoozesha upande wa kulia, ule wa mkono wake wa kazi. Nilimtembelea wodini mara sita. Kila mara nilikwenda na maneno tayari, na kila mara nikaishia kuzungumza habari za mvua. Siku ya mwisho alinishika kwa mkono wa kushoto, akasema, "Lornah akimaliza shule, umfundishe wewe. Umfundishe vizuri." Nikasema ndiyo, dada. Alifariki Jumatatu, 12 Julai 1999, saa nne asubuhi.

Juzi shemeji Absalom alinionyesha kipande cha chuma kilichokuwa kikishikilia neti ya kuanikia dagaa wa omena nyuma ya nyumba hii. Kina kutu, lakini namba tisa bado inasomeka. Alisema kila alipomuuliza mke wake ni cha nini, jibu lilikuwa lile lile: "Hicho ni cha Walter. Siku moja atakuja kukichukua."

Marehemu ameacha mume, Absalom; mama, Beldina; mabinti, Lornah na Seline; na kaka mmoja. Mama, mtoto wako hakuanguka mtihani. Lornah, Seline, mama yenu hakuanguka.

Fundi Selpha Awuor, Mungu akupe pumziko la amani.

Shemeji Absalom, nimekuja kuchukua chuma changu.