Sare Alizoshona Baba

Marehemu baba yetu, ambaye wengi mlimwita Fundi Sindano, alizaliwa tarehe 9 Machi 1948, mtoto wa nne wa mama muuza maziwa. Alisoma hadi darasa la saba. Hesabu alizipenda, ila kukaa darasani kulimshinda, akaenda kwa mjomba wake kujifunza cherehani.

Mwaka 1971 alifungua kibanda chake. Mwaka 1974 alimwoa mama yetu, na hapo akapata pia shemeji wa kubishana naye: kaka yake mama, mwalimu wa uraia. Jumapili chai ilipoa mezani kwa ubishi wao. Baba alishikilia kwamba watu wakiachwa wauze na wanunue watakavyo, serikali nzuri itakuja yenyewe.

"Mwenye duka hakubali kutawaliwa kijinga," alisema.

"Shemeji, mwenye duka anataka mteja tu," mjomba alimjibu. "Akija dikteta na kitambaa chake, hutampima kiuno wewe?"

Baba alicheka hadi akajidunga sindano.

Mwaka 1983 wanajeshi walilifunga bunge. Maduka hawakuyagusa, na kodi wakapunguza. Baba alipata zabuni ya kuwashonea sare, kibanda kikawa karakana ya cherehani thelathini. Sisi watoto tulipelekwa shule nzuri. Tulikula, tukashiba, wala hatukuuliza.

Mwaka 1986 walimtoa mjomba darasani akifundisha somo la uchaguzi. Jioni walimtupa mlangoni kwetu. Mkono wake wa kulia ulikuwa umevunjika, haukunyooka tena hadi leo. Katika ngumi ya kushoto alishika mfuko wa shati la askari, aliouchana walipokuwa wakimburuta. Baba aliupokea, akaugeuza. Pembe zake zilikuwa na mshono wa pembetatu, na hakuna fundi mwingine mjini aliyeshona hivyo. Alikaa chini palepale sakafuni.

Mwezi uliofuata alitia sahihi mkataba mpya wa sare. Mama alipomuuliza kulikoni, alisema, "Nisiposhona mimi, atashona mwingine." Mama akazipokea fedha hizo, maana karo zetu zilikuwa zinangojewa. Baba aliacha kushona sare wanajeshi walipoondoka madarakani, si kabla.

Mwaka jana mapafu yalianza kumlemea. Alituma watu kumwita mjomba, zaidi ya mara moja, na mjomba hakuja. Hatumlaumu. Wiki ya mwisho baba aliniita mimi, kitinda mimba wake.

"Nilidhani biashara itatuletea uhuru," alisema. "Kumbe biashara ilishiba vizuri tu bila uhuru, nami nikashiba nayo. Siku ya kunizika usome hivyohivyo. Usinipambe."

Wazee wa familia wameniomba nipunguze makali. Wanisamehe, nimeshindwa. Baba alifariki tarehe 2 Juni, mchana, mama akimfuta uso.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, na shemeji mmoja, ambaye jana alituma neno kwamba atakuja kuzika.

Mjomba, tulisomeshwa kwa gharama ya mkono wako, na miaka yote hii tumekupigia simu za sikukuu tu. Tunaona aibu. Tungependa kumwombea baba apumzike kwa amani, lakini kinywa cha kwanza kusema hivyo hakiwezi kuwa chetu. Ukiona vema, anza wewe, nasi tutaitikia. Usipoona vema, tutamfukia kimya.