Mgeni Kwanza: Maisha ya Sista Kimya wa Nyuma ya Kiwanda cha Chupa

Ratiba mlizoshika mikononi zina mstari mtupu ukurasa wa mwisho, pale penye majina ya walioachwa. Msimlaumu mpiga chapa. Mstari ule umeachwa kwa makusudi na mdogo wake marehemu, ndiye huyu anayesoma, kwa sababu kuna jina aliloagizwa aliweke na mkono wake ukakataa. Mwenye jina lenyewe yumo humu ndani, amesimama nyuma kabisa karibu na nguzo, na anajijua. Tutafika huko. Kwanza tumzike mtu kwa heshima yake.

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 6 Februari 1951, mtoto wa kwanza wa fundi seremala na mshonaji wa nguo, katika vyumba viwili nyuma ya karakana ya baba yake. Miaka miwili baadaye akazaliwa mdogo wake, na uzazi ukafungwa hapo. Walikuwa wawili tu, kifungua mimba na kitinda mimba, bila wa katikati wa kuwaamulia ugomvi. Mama yao alikuwa akisema, "Huyu mkubwa ana mkono wa chujio, hakuna kinachobaki." Alisema hivyo kwa kulalamika, wala haikuwa sifa, na mdogo wake anaomba ieleweke hivyo hivyo.

Alisoma shule ya msingi ya misheni kuanzia mwaka 1958, kisha sekondari ya wasichana mpaka 1969, na hesabu alikuwa anazila mbichi. Yeye ndiye aliyekuwa akipiga pasi sare za wote wawili, kwa pasi ya mkaa. Asubuhi moja mawazo yakamwenda, akaisahau pasi juu ya gauni la mdogo wake mpaka moshi ukafuka, na tobo likabaki mgongoni, pana kama sahani. Mdogo akaangua kilio cha kuamsha mtaa mzima. Mkubwa akavua gauni lake akampa, akajibana ndani ya lile lenye tobo, wakaenda. Mwalimu akamwuliza, "Wewe, hiki nini mgongoni?" Akajibu, "Dirisha, mwalimu, kuna joto." Alichapwa. Darasa zima lilicheka, na nyumbani hadithi hiyo ilichekwa kwa miaka mingi. Siku hizi mdogo wake haimchekeshi.

Kwa desturi aya inayofuata huwa ya ndoa. Basi na iwe. Mwaka 1972 alichumbiwa na fundi wa injini za treni, kijana mpole, mwenye viatu vinavyong'aa na kazi ya kudumu. Barua ya posa ilishajibiwa. Siku moja marehemu akarudi kutoka kanisani, akakaa chini, akasema hataolewa, anakwenda kwa masista. Baba yao alinyamaza wiki nzima. Mama yao hakunyamaza hata dakika. Fundi mwenyewe yupo leo, amekaa karibu na mlango na mkewe. Asante kwa kuja, shemeji uliyetuponyoka.

Na laiti wangekuwa masista wa kawaida! Mama angejikaza, angetamba sokoni kuwa binti yake ni mtawa, ana bustani na gari la shirika. Kumbe marehemu alikuwa amechagua wale wasiotaka kuonekana: masista wawili, yeye akawa wa tatu, waliopanga vyumba viwili kwenye nyumba za safu nyuma ya kiwanda cha chupa, bomba moja na choo kimoja kwa familia nane, wakifanya kazi za vibarua kama majirani zao. Mkubwa wao, mgeni aliyetoka mbali, alikuwa mfagiaji wa stesheni; mtaa ukamwita Sista Mfagiaji. Wa pili alikuwa akishona vifungo kiwanda cha mashati, akaitwa Sista Vifungo. Marehemu alipoweka nadhiri tarehe 15 Agosti 1976, mama yao alitazama kile chumba, sakramenti kwenye rafu juu ya ndoo za maji, akasema, "Nimezaa mtawa wa beseni." Kamati ya parokia haikuwa na maneno mazuri zaidi. Walisema masista wale wanatia aibu, hawana hata vazi. Leo kamati hiyo hiyo imejaa viti vya mbele, na tai shingoni. Karibuni.

Nyumba ile ilikuwa na kanuni chache. Hawakuhubiri kazini mpaka mtu aulize. Hawakupokea cheo. Na mezani palikuwa na viti vinne kwa watu watatu. Kile cha nne ni cha yeyote anayebisha hodi, awe nani, na haulizwi katoka wapi wala kafanya nini. Akishakaa, yeye ndiye wa kwanza kupakuliwa. Masista wanakula kinachobaki, na kisipobaki wanakunywa chai ya rangi na kusali. Mgeni kwanza. Mdogo wake alipokuwa akija kuwatembelea alikuwa analeta chakula chake mwenyewe, maana njaa ya wazi wazi hakuiweza.

Mwaka 1977 marehemu aliajiriwa kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali na hoteli, akawekwa upande wa pasi za mvuke. Huko ndiko alikokutana na mwenye meza ya kukunjia, mwanamke mwenye sauti ya king'ora ambaye wenzake walimwita Kamanda. Huyo aliye kwenye nguzo. Marehemu hakusema yeye ni sista, kwa sababu hakuulizwa. Hakusengenya, hakutukana, hakumsema msimamizi. Kwa Kamanda hiyo ilitosha. Akatangaza chumba kizima kikasikia: "Bosi ana masikio mawili kichwani, la tatu ni huyu hapa, Kimya." Jina likaganda. Viatu vyake vikatupwa kwenye tangi la dawa ya kung'arisha, akarudi nyumbani peku. Chakula chake kikamwagiwa sabuni. Akipita, nyimbo zinaimbwa. Mdogo wake alimwambia, "Dada, mtu akikupiga kumbo nawe mpige! Una mikono, au mikono yako ni ya kusali tu?" Akajibu, "Ana watoto watano na mume mlevi. Ngoja amalizane na hao, mimi nitasubiri zamu yangu."

Miaka ikaenda hivyo. Siku msimamizi alipostaafu, meneja akaingia, akamtaja Kimya mbele ya wote kuwa ndiye atakayeshika nafasi. Marehemu akasema, "Hapana, asante," akaendelea kupiga pasi. Meneja akadhani hajasikia, akarudia. Akajibiwa vile vile. Kamanda akaacha shuka, akamfuata, akamshika bega. "We mama, una kichaa? Mpelelezi gani anakataa cheo? Wewe ni nani hasa?" Hatimaye ameulizwa. Marehemu akasema, "Mimi ni sista. Nakaa nyuma ya kiwanda cha chupa. Njoo ule."

Mungu wangu, si alikuja! Alikuja siku hiyo na hakuacha kuja. Kile kiti cha nne kikawa chake kama kimeandikwa jina. Anakula wa kwanza, anaongeza, kisha anasema chumvi haitoshi. Mdogo wake alimkuta pale mara nyingi, kiwiko mezani, akisimulia ugomvi wa mtaa mzima, na masista watatu wakicheka mpaka machozi. Viatu havikuwahi kuombewa radhi. Sabuni haikuwahi kuombewa radhi. Mdogo wake alimwuliza siku moja, uso kwa uso, "Hivi wewe huoni haya?" Kamanda akamjibu, "Haya ninayo, nimeiacha nyumbani inalea watoto." Marehemu alicheka peke yake.

Ugonjwa ulianza mwaka 2010, kifua. Mvuke na dawa za miaka yote vilikuwa vimekula mapafu ya wanawake wengi pale, na Kamanda naye akaanza kukohoa. Kufikia mwanzoni mwa mwaka huu wa 2013 marehemu alikuwa akiongea neno moja, anapumzika, ndipo la pili. Mdogo wake hakulala. Alizunguka ofisi, alisujudia wakubwa, alimlilia daktari aliyewahi kusoma na mwanawe, mpaka kikapatikana kitanda kimoja chenye oksijeni hospitali kubwa. Kimoja. Akaambiwa kitashikwa siku ile mpaka jioni, si zaidi.

Mkwe wa mdogo wake, mume wa bintiye, akapeleka gari mtaani kumchukua mgonjwa. Mdogo wake alitangulia kwenye geti la hospitali, na gauni jipya la kulalia, bakuli na kijiko, na shuka alilolipiga pasi mwenyewe, kwa sababu nani tena angempigia pasi mpiga pasi? Gari likafika. Mlango ukafunguliwa. Akashuka Kamanda.

Alikuwa kashikiliwa huku na huku, midomo imegeuka rangi, macho yamemtoka. Mdogo wake akamwuliza mkwewe, "Dada yuko wapi?" Mkwe akatazama chini. "Mama, amekataa kupanda. Tulimkuta huyu mama amekaa kwenye kile kiti chao, pumzi zimekata. Mama mkubwa akasema tumpeleke yeye, mgeni kwanza." Wauguzi hawakuuliza kitanda ni cha nani, walimwona mtu anakufa getini, wakamkimbiza ndani. Mdogo wake akabaki kasimama na bakuli.

Alipofika kule chumbani kwa masista alipiga kelele mpaka majirani wakatoka. "Kitanda si chakula, jamani! Chakula kikiisha kinapikwa kingine! Nani kawafundisha kupakua kitanda?" Sista Mfagiaji, mzee sasa, mgongo umepinda, akasema kwa kile Kiswahili chake cha kukata kata, "Yeye alikuwa amekaa kwenye kiti." Basi. Ndiyo maelezo yote. Kanuni ya sufuria waliitumia kwa pumzi za mtu, na hawakuona kosa. Mdogo wake aliliona, analiona mpaka leo, na haoni aibu kulisema mbele ya jeneza.

Kitanda cha pili hakikupatikana. Asubuhi ya siku yake ya mwisho marehemu alifumbua macho, akauliza, "Nani amekaa kwenye kiti?" Mdogo wake alikuwa amekivuta karibu na godoro, amekikalia bila kufikiri. Akasema, "Ni mimi." Marehemu akatabasamu. "Basi wewe ndiye mgeni. Sema unataka nini."

"Nataka uende hospitali."

"Hicho hakipo. Kingine?"

Hakukuwa na kingine. Marehemu akapumzika kidogo, akasema, "Wasifu usome wewe. Na Kamanda umweke kwenye walioachwa."

"Nimweke kama nani?"

"Dada."

"Bora nife."

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikachukua muda mrefu. Alifariki mchana huo, Alhamisi, tarehe 9 Mei 2013, katika chumba kile kile, mashine za kiwanda cha chupa zikiunguruma kama siku zote. Mdogo wake aliondoka kwenye kiti baada ya muda mrefu, na hakuna aliyethubutu kumwambia inuka.

Marehemu ameacha mdogo wake wa tumbo moja, aliyepewa gauni lisilo na tobo. Ameacha watoto watatu wa mdogo wake, waliomwita mama mkubwa. Ameacha Sista Mfagiaji na Sista Vifungo, ambao tangu siku ile hawajalaumiana hata kwa jicho, na hilo nalo linaudhi. Ameacha wapiga pasi na wakunjaji wa kiwanda cha kufulia, waliofunga kazi leo bila ruhusa.

Na ule mstari mtupu. Mwenye kalamu na aitoe. Mdogo wake alikuwa ameapa mbele ya mpiga chapa kwamba utabaki mweupe. Lakini tangu asubuhi, misa nzima, amekuwa akimsikia mtu kule nyuma akivuta pumzi, ndefu, moja baada ya nyingine, na kila pumzi anajua ni ya nani na ilitoka wapi. Dada yake hakuacha nyumba wala shamba. Alichoacha ndicho hicho kinachopumua kwenye nguzo, na mtu hatupi urithi wa dada yake kwa sababu una mdomo mchafu. Andikeni: ameacha na dada yake wa pili, Kamanda, wa meza ya kukunjia.

Wewe, toka huko kwenye nguzo uje mbele. Kile kiti kimeletwa kutoka nyumbani kwao, kipo hapa kando ya jeneza, na hakuna aliyekikalia. Hujasamehewa. Umekaribishwa. Kaa, uvute pumzi zako, tumalizie.

Marehemu na apumzike kwa amani, kazi yake imekwisha. Dada zake wawili bado wana ugomvi wao; Mungu awape umri wa kuumaliza.