Sura Waliyoisifu Gazetini

Mwandishi: Haloo? Nani mwenzangu?

Fundi: Mimi.

Mwandishi: Mimi nani? Namba hii siijui.

Fundi: Mdogo wako, dada. Hii ni simu ya jirani yangu, muuza vifungo. Yangu siku hizi inaita hadi inachoka. Shikamoo.

Mwandishi: Marahaba, mdogo wangu. Usinifikirie vibaya, nimezongwa. Mara mchapishaji, mara watu wa magazeti. Mbona nasikia kama mvua?

Fundi: Ni cherehani ya mwenzangu, anapinda sare za shule. Uko wapi wewe?

Mwandishi: Redioni. Nimekalishwa kwenye korido, nasubiri kuitwa. Kipindi cha vitabu vipya vya watoto na vijana. Gazeti umelisoma?

Fundi: Hilo ndilo lililonifanya nipige —

Mwandishi: Ngoja nikusomee, ninalo mapajani. Ni yule mhakiki asiyesifu mtu, yule anayeandika kama anang'oa jino. Sikiliza. "Miongoni mwa vitabu vyote vya vijana vilivyotoka mwaka huu, hiki kinasimama peke yake."

Fundi: Dada.

Mwandishi: "Sura ya shuka inastahili kusomwa na kila mzazi. Msichana anaamka alfajiri, shuka limelowa, naye anapitisha pasi ya makaa juu yake, polepole, ili mvuke usimwamshe mama. Jambo kama hili halibuniwi. Mtu ameliishi." Umesikia? "Mtu ameliishi." Miaka yote niliyoandika vitabu vya bata na sungura, hakuna aliyenipa hata mstari mmoja. Hata wa kunitukana.

Fundi: Endelea kusoma. Kuna sentensi inayofuata.

Mwandishi: Basi umelisoma.

Fundi: Nisomee hiyo inayofuata.

Mwandishi: "Tumshukuru pia binti wa mwandishi, ambaye maisha yake, kama ukurasa wa kwanza unavyodokeza, ndiyo yaliyozaa kitabu hiki." Ni heshima hiyo. Ni wahakiki wangapi wanaomkumbuka mtoto?

Fundi: Mtoto wako yuko hapa.

Mwandishi: Wapi hapo?

Fundi: Hapa kwangu. Amekaa nyuma ya pazia, pale wateja wanapojaribia nguo.

Mwandishi: Si yuko shule?

Fundi: Alikuwa shule. Ameingia hapa na sare yake, mkoba hana. Sikumuuliza, nilimpa maji kwanza.

Mwandishi: Anaumwa?

Fundi: Mwalimu wake wa lugha alilikata hilo gazeti, akalibandika kwenye ubao wa matangazo. Alidhani anamtukuza. Akamsimamisha mbele ya darasa wampigie makofi. Wakapiga.

Mwandishi: Sasa kumpigia makofi —

Fundi: Aliporudi kutoka mapumzikoni alikuta nepi juu ya dawati lake. Imekunjwa vizuri. Jina lake wameliandika juu kwa kalamu nyekundu, na chini yake, kikojozi. Haloo? Upo?

Mwandishi: Nipo. Mtandao tu. Watoto wana ukatili, mdogo wangu. Wiki ijayo watakuwa na mwingine wa kumcheka.

Fundi: Hivyo ndivyo nimwambie?

Mwandishi: Jina nilibadilisha. Nilibadilisha mpaka rangi ya nyumba.

Fundi: Jina ulibadilisha, kisha ukaenda ukurasa wa mbele ukamshukuru. "Kwa binti yangu, ambaye bila usiku wake kitabu hiki kisingeandikwa." Mimi si msomi, dada, nakata vitambaa. Lakini hata mimi nilielewa ni usiku gani.

Mwandishi: Nilitaka kumpa kitu. Kitabu chote nilimpa asome kabla. Yeye ndiye msomaji wangu wa kwanza, ni rika lenyewe, huwa namsikiliza kuliko mhariri. Alisoma, akasema ni kizuri. Nilimwuliza wazi, nikichapishe? Akasema kichapishe.

Fundi: Alisoma kitabu chenye sura ya shuka? Nakuuliza kwa sababu yeye anasema hakuiona. Anasema aliisoma kwa mara ya kwanza juzi, maktaba ya shule, akiwa amekaa na wenzake.

Mwandishi: Mhariri alisema rasimu ni laini mno. Alisema vijana wa leo hawadanganyiki, wanataka ukweli. Nikaongeza sura moja. Moja tu.

Fundi: Ndiyo hiyo wanayoisifu wote.

Mwandishi: Ndiyo iliyo nzuri! Unataka nikwambie nini? Nilipoimaliza nilijua. Kuna vitu ukiviandika mkono unajua wenyewe.

Fundi: [pembeni] Kunywa, mwanangu. Hapana, kaa tu, sare hizo zisukume pembeni. — Dada, nina ombi moja, kisha nikuache na redio yako.

Mwandishi: Sema haraka, kuna mfanyakazi wa redio ametoka kuchungulia.

Fundi: Watakuambia usome, sivyo?

Mwandishi: Wameomba sura hiyo hiyo. Hapo hapo mchapishaji anangoja nje ya mlango. Wanachapa toleo la pili na maneno ya mhakiki watayaweka juu ya jalada.

Fundi: Shule nzima itakuwa inasikiliza. Mwalimu ameshawatangazia. Kwa hiyo kabla ya kusoma, waambie mtoto huyo kwenye kitabu si binti yako.

Mwandishi: Niseme nimebuni? Baada ya mtu kuandika "halibuniwi"? Watanitafuna.

Fundi: Sijasema useme umebuni. Sema ni wewe.

Mwandishi: Mimi?

Fundi: Wewe.

Mwandishi: Sikusikii vizuri, unakatika —

Fundi: Sikatiki. Ile pasi, dada. Mwanao hajawahi kushika pasi ya makaa. Kipindi kile baba yake alipoondoka, mtoto alipokuwa akilala kwangu, shuka alikuwa ananiletea mimi mkononi, nalifua, basi, tunakunywa chai. Amenitazama leo akaniuliza, mama mdogo, hii pasi mama kaitoa wapi? Mimi sikumjibu. Nilikuwa najua imetoka wapi. Kitanda kilikuwa kimoja. Wewe ukutani, mimi ukingoni. Nilikuwa naamka nasikia mvuke, najifanya nimelala.

Mwandishi: Nilidhani ulikuwa mdogo mno kukumbuka.

Fundi: Nilichapwa, dada. Aliyechapwa hawi mdogo mno. Mama alilikuta godoro limelowa, akauliza nani, wewe ukanitazama. Mpaka anaingia kaburini anajua ni mimi.

Mwandishi: Sijakulazimisha kunyamaza.

Fundi: Hapana. Hujanilazimisha. Wala mimi sikudai chochote, miaka yote hii. Wala sasa sidai changu. Namdaia huyu.

Mwandishi: Unajua unachoniomba? Nikisema ni mimi, swali linalofuata ni moja tu. Kwa nini basi ulimtaja mtoto?

Fundi: Ni swali zuri.

Mwandishi: Mtangazaji anatabasamu, mdogo wangu, lakini ana meno. Nitajibu nini? Kwamba nilikuwa na aibu? Mama mzima, mwandishi wa watoto?

Fundi: Mhakiki si amesema umeipa aibu lugha? Nimeona hilo pia, chini kabisa. "Aibu ya mtoto imepata lugha." Basi itumie.

Mwandishi: Usinikejeli.

Fundi: Sina kejeli. Nina mtoto nyuma ya pazia ambaye anasema harudi shule, na anayenyoosha sketi yake kila mteja akiingia, kana kwamba kuna kitu kitaonekana.

Mwandishi: Nipe niongee naye.

Fundi: [pembeni] Mama yako. ... Anataka kuongea nawe. ... Sawa, silazimishi. — Anatikisa kichwa.

Mwandishi: Mwambie nampenda. Mwambie kwa pesa za toleo la pili nitamhamishia shule nyingine, nzuri zaidi, hakuna atakayemjua.

Fundi: Kitabu hicho si wamesema kiwekwe kwenye kila maktaba ya shule?

Mwandishi: Jamani.

Fundi: Muuza vifungo ananionyesha vidole, salio lake linaisha. Nijibu, dada. Utasema?

Mwandishi: Nitaangalia jinsi mazungumzo yatakavyokwenda. Nikipata upenyo —

Fundi: Upenyo.

Mwandishi: Si jambo la kurukia tu hewani. Lina namna yake. Labda baadaye, kwenye makala, niliandike vizuri, kwa utulivu —

Fundi: Uandike tena.

Mwandishi: Usinibane hivyo. Nimengoja siku hii tangu sina mvi. Unajua nilivyongoja? — [pembeni] Ndiyo, nakuja. Nakuja, dada yangu, nazima simu sasa hivi. — Wananiita.

Fundi: Subiri. Mtoto anauliza kitu.

Mwandishi: Anasemaje? Haraka.

Fundi: Redio ya hapa kazini iko karibu naye, mkono ameuweka juu ya kitufe. Anauliza aiwashe, au aiache. Dada? Mlango unafunguliwa, nausikia. Mjibu mwanao. Aiwashe?

Mwandishi: ... Mwambie aiache.

Fundi: Haya.

Mwandishi: Si kwamba — mdogo wangu, nielewe, mimi jioni nitapita hapo nimchukue, nitamweleza mwenyewe, nitamletea —

Fundi: Amesikia. Spika ya simu hii ina sauti kubwa. Nenda, wasikungoje.