Mukato na Mukate ya Mama Musoki

Dorothée, sogea karibu, na weye Ézéchiel acha ile simu, musikilize, watoto yangu, sababu pumzi yangu inanihesabia na sitaweza kurudilia neno mara mbili. Mama yenu ameshatangulia, ng'ombe kumi na moja ziko kwa ndugu yangu, hii parcelle ya Bigo, kiwanja na nyumba, iko na karatasi, na boulangerie na tanuri yake ya mikate ni yenu wawili. Juu ya hayo musigombane. Lakini iko kitu ndani ya ile boulangerie ambayo sikuwaambia hata siku moja, na mficha uchi hazai.

Munajua nilianza kazi kwa kampuni ya kahawa. Mukubwa wetu alikuwa Sébastien, mutu mukali, tulimuita Bwana Makasi, sababu kila mwisho wa mwezi alikuwa anakata mishahara yetu, tulikuwa tunaita mukato, kidogo ya impôt, kodi ya leta, kidogo ya caisse ya wazee, ile inalipa pensheni, na alikuwa anasema, "Félicien, hii siili miye, hii inakungojea." Tulimutukana kwa luga ya nyumbani, na siku moja nilitema mate mbele ya bureau yake. Nikafanya pale miaka kumi na sita. Kisha vita ikakuja, kampuni ikafungwa, nyumba ikaungua na karatasi zote, nikaanza kuoka mikate.

Dorothée, ni weye ulinisukuma, miaka tano iliyopita, niende kuuliza kwa caisse. Nilienda ili unyamaze tu. Kijana wa pale akaandika jina, akatuma barua, nikangoja miezi tisa mpaka nikasahau. Siku aliniita, akaweka karatasi mbele yangu, na kidole yake ikaanza kushuka, janvier, février, mars, mwaka kwa mwaka, miezi mia moja makumi tisa na mbili, hakuna hata moja ilikosekana. Na pembeni ya sehemu yangu palikuwa sehemu ingine, kubwa kupita yangu, ambayo hawakunikata miye: ile ilitoka kwa mufuko ya kampuni, kwani sheria inamufunga patron, mwenye kuandika watu kazi, naye aweke. Watu walikimbia, barabara zilifungwa, wengine tuliwazika bila sanduku, na jina yangu ilikuwa imekaa pale, nzima, inaningojea kama mama anamungojea mutoto atoke masomo. Nililia mbele ya kijana wa watu. Hata leo nikiwaza ile karatasi mwili inasisimuka. Akiba haiozi, tulikuwa tunasema tu, kumbe ni kweli. Na Sébastien alikuwa ameshakufa, sikupata hata nafasi ya kumupa asante.

Sasa musikie aibu yangu.

Mama Musoki, huyu anayekanda mikate yetu, alifika hapa kutoka Butembo na watoto watatu. Nilimuambia, "Mama, kila mwezi iko mukato." Yeye akasikia mukate. Akapiga vigelegele, "Asante papa, watoto watakula!" Ningeweza kumusahihisha. Nilicheka. Mwisho wa mwezi nilimukata kweli, kisha nikamupa mukate moja kubwa ya sukari, akapiga magoti kunishukuru. Ile niliyokata sikuipeleka kwa caisse, na sehemu yangu ya patron sikuiweka hata franka moja. Nilinunua unga, kisha mashini ya kukandia ya pili, kisha ng'ombe. Miaka makumi mbili na mbili, watoto yangu, kila mwezi mukate moja.

Na ile siku nilitoka kwa caisse macho mekundu, nilimukuta na mikono mpaka kiwiko ndani ya unga. Akaniuliza, "Papa, wamekupa?" Nikasema ndiyo. Akafurahi kama ni yeye amepewa. Hata hapo sikumuambia. Vidole vyake vimepinda sasa, mwaka kesho anafika sitini, na akienda pale, kidole ya yule kijana itashuka kwa karatasi nyeupe.

Dawa ya deni ni kulipa. Muuze ng'ombe, hata zikiisha zote. Usikunje uso, Ézéchiel, najua ulishaahidi sita kwa ukwe. Ukwe utangoja, Mama Musoki amengoja kupita. Dorothée, umupeleke mwenyewe kwa caisse, uombe namba ya boulangerie na namba yake, useme miaka yote bila kupunguza, ulipe na amende, ile faini ya kuchelewa, na usipitishe kitu chini ya meza. Ile karatasi pale juu ya kabati nimeshaitia kidole, inashuhudia siku alianza. Na wale wafanyakazi wawili wa tanuri vilevile. Kuanzia mwezi huu kila mutu ashike karatasi ya mushahara yake mukononi, mumusomee polepole: tano kwa mia inatoka kwake, kumi na tatu inatoka kwetu, impôt iko na njia yake, na vyote vifike mbele ya tarehe kumi na tano. Mumusomee mpaka asikie ile O ya mwisho.

Munipe maji... Kidogo. Inatosha.

Munizike karibu na mama yenu, bila makelele. Mupendane. Mungu awape mukate ya kila siku, boulangerie isizimike moto, watoto yenu wawazike nyinyi, si nyinyi kuwazika wao, na Mungu asiwakate sababu yangu. Amina.

Namusikia kule inje, anachunga unga. Mumuite. Hapana, Dorothée, usimuambie weye, hii ni ya kinywa changu... Karibu, mama. Usipige magoti. Simama tu, ni miye... Mama Musoki, ile siku ya kwanza hukunisikia muzuri. Nilisema mukato.