Nusu Kikombe kwa Anayeusifu Mji

Kijiwe chenyewe kilikuwa benchi moja refu lililoegemea ukuta wa kibanda cha pancha, mkabala na zahanati, na mguu wake mmoja ulikuwa wa tofali kwa sababu seremala aliyeahidi kuurekebisha mpaka leo anasema kesho. Wenyeji wa benchi walikuwa watatu, na ukiwasikiliza ungedhani wanalipwa mshahara kwa kufikiri. Wa kwanza dereva wa lori, aliyeitwa Breki kwa vile akianza kusema hasimamiki. Wa pili kinyozi, Wembe, ambaye wateja humpata benchini kirahisi kuliko kwenye kiti chake cha kunyolea. Wa tatu karani mstaafu wa mahakama, Mzee Kanuni, mwenye methali kwa kila jambo, ila hakuna hata moja iliyowahi kukaa mahali pake. Kahawa ilikuwa ya mke wa fundi pancha, na kwa kuwa fundi alikuwa rafiki yao, wote walimwita mkewe shemeji. Wateja nao wakamwita shemeji, na mtaa mzima ukafuata.

Siku hiyo shemeji alikuwa na lake moyoni. Dada yake mkubwa, mkunga wa zahanati ile ya mkabala, alikuwa ameletewa barua jana yake kwamba amepandishwa cheo, akafundishe wakunga wapya. Shule ziko katika miji mitatu: mji wa bandari, mji wa mlimani na mji mkuu. Achague mwenyewe au akatae abaki alipo, jibu lifike ofisini leo kabla ya saa tisa alasiri. Mkunga alikuwa na miaka thelathini na minne, hajaolewa, na msimamo wake unajulikana. Nguo ndefu, ibada haimpiti, jua halizami akiwa nje ila kazini, na mwanamume asiye ndugu yake hakai naye benchi moja hata mvua ikinyesha na benchi ndilo lenye paa. Kwa hiyo asubuhi ile alisimama upande wa pili wa jiko la mkaa, akamnong'oneza mdogo wake.

— Huyo Breki miji yote kafika. Waulize wewe, mimi siwezi kukaa nao. Nyumba ya ibada iwe karibu, mwenye nyumba awe mama wa makamo anayeishi humo humo, na mtaa uwe wa watu wanaosalimiana. Utakalonijibu ndilo nitakaloandika.

Halafu akavuka barabara kwenda kuzalisha watu, akamwacha mdogo wake na mzigo huo.

Sasa tuseme kweli, maana kuficha hakusaidii. Wivu ulimshika shemeji akasahau hata kupuliza mkaa. Kwa miaka kumi na mitatu yeye ndiye aliyekuwa amefaulu. Aliolewa na miaka kumi na tisa akamtangulia dada yake, na kila penye harusi ya ukoo yeye aliketi na wake za watu huku dada akitumwa jikoni na wasichana. Alizoea kumwonea dada huruma, na huruma ile ilikuwa tamu kwake kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Yeye mwenyewe hakuwahi kuambiwa achague. Mume walimchagua wazazi, chumba alikichagua mume, hata mahali pa kuweka jiko pale kijiweni palichaguliwa na moshi. Leo yule wa kuhurumiwa amepewa miji mitatu aiminyeminye kama nyanya sokoni.

Hata hivyo akauliza, maana ahadi ni ahadi. Aliwaambia wale watatu kwamba dada anahama, na akawatajia masharti yake. Benchi likachangamka. Breki alianza kwa kuusifu mji wa bandari: watu wapole, barabara pana, mwanamke anayejiheshimu anapita bila kuitwaitwa. Shemeji akamimina kahawa yake ikafika nusu ya kikombe, akaishia hapo. Breki akakitazama kikombe, akamtazama shemeji, akanywa tu.

Wembe, ambaye bandari hajawahi hata kuiona kwenye picha, akasema pale hapafai kabisa, upepo wa bahari hauna adabu, nguo ndefu huko ni sawa na tanga, mwanamke atatoka kwenda ibadani afikishwe sokoni. Shemeji akamjazia mpaka kahawa ikafanya tumbo juu ya ukingo.

Breki ni mropokaji, si mjinga. Alihesabu kikombe chake, akahesabu cha Wembe, akageuza lori palepale. Alisema sasa amekumbuka vizuri, bandari ni mji wa hovyo. Ukimchunguza utagundua kwamba miji yote aliijua kutokea yadi ya malori tu: lango, mizani, na choo cha madereva. Lakini yadi kwake ilitosha. Mji ambao choo chake hakina komeo, alisema, wenyeji wake hawajui siri, na mwanamke asiye na mume mali yake ni siri zake. Akajaziwa.

Kuanzia hapo ilikuwa mashindano. Mzee Kanuni alikohoa kimahakama, akauweka kizimbani mji mkuu. Alieleza kwamba kule watu wanaishi ghorofani, na kwamba umbea una pumzi yake, hufika orofa ya tatu ukachoka. Kwa hiyo mwanamke mwenye heshima akipanga orofa ya saba hatasengenywa milele. Hiyo ilikuwa sifa, na shemeji tayari alikuwa ameinamisha birika kidogo tu. Mzee akaliona birika, akaongeza haraka kwamba, lakini, asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na ngazi za huko ni nyingi mno. Birika likainama zaidi.

— Methali hiyo haihusu ngazi, Mzee, Wembe akasema.

— Inahusu guu. Ngazi unapandia nini?

Mji wa mlimani nao haukupona. Wembe alikuja na utafiti wake wa vichwa. Baridi, alisema, inawavalisha wanaume kofia mwaka mzima, kofia inaleta kipara, na mwanamume mwenye kipara anaoa upesi kwa kuogopa kumaliza nywele zilizobaki. Dada atafika Jumatatu, Alhamisi ameshaposwa na watu wanne, utulivu wake uende wapi? Breki akasema hilo ni dogo. Kule mlimani, alisema, umbea ni wa kupindukia. Siku moja aliuliza njia ya kwenda yadi, na mama mmoja akakataa kumwelekeza mpaka aseme yeye ni mtoto wa nani. Alipomtajia, kumbe mama anamjua shangazi yake, akamweka chini nusu saa kumuuliza habari za ukoo mzima, na kesho yake alipokosa kupita akatumwa mtu yadi kuuliza kama ni mgonjwa.

— Mji gani huo hata kuumwa peke yako huwezi? Breki akalalamika, na kikombe chake kikafurika mpaka kwenye vidole.

Katikati ya mabishano hayo alikuja mgeni, mwanamume wa makamo aliyekuwa safarini, gurudumu mkononi. Akampa fundi pancha kazi yake, akakaa mwisho wa benchi, akaagiza kikombe kimoja. Zaidi ya hapo hakusema neno. Shemeji alimpa cha kawaida, si nusu wala si cha kufurika, kwa sababu yule hakuwa na maoni juu ya mji wowote.

Ilipofika saa nane miji yote mitatu ilikuwa majivu. Shemeji alikuwa na jibu alilolitaka, na tena halikuwa uongo wake, lilikuwa limetoka vinywani mwa watu wazima watatu. Alilirudia kimoyomoyo kama mtoto aliyetumwa dukani. Dada atabaki. Ataendelea kulala chumba cha uani kwa mjomba, ataendelea kupita hapa jioni na mkoba wake, na kwenye harusi ijayo ataendelea kutumwa jikoni. Shemeji aliyawaza hayo akapata nafuu, kisha akaichukia ile nafuu.

Mkunga akavuka barabara, sare imekunjwa mikono, barua mkononi. Akasimama palepale upande wa pili wa jiko, mgongo kwa benchi.

— Wamesemaje?

— Miji yote haikufai, dada. Bora ubaki.

Mkunga hakubisha. Aliitandaza barua juu ya sanduku la vikombe, akatoa kalamu mfukoni, akainama. Kalamu ilishagusa karatasi alipoinua kichwa tena.

— Na wewe? Ingekuwa wewe, ungechagua upi?

— Bandari.

Neno lilimtoka kabla hajajua kuwa analo. Mkunga akaiweka kalamu chini.

— Kwa nini?

Shemeji akatazama birika. Angeweza kusema lolote, ila alikuwa amechoka na siku ile.

— Kule hakuna mtu wa kuniita shemeji. Ningepanga chumba kimoja, niamke, nisibandike chochote jikoni mpaka njaa iniume mimi mwenyewe. Nimekuonea wivu tangu asubuhi, dada. Aliyeusifu mji nimempa nusu kikombe, aliyeuponda nimemjazia.

Benchini watu watatu waliinamia vikombe vyao. Breki, kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu ya mtaa, alisimama.

Mkunga alipoanza kusema hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomchoma zaidi mdogo wake.

— Bandari niliifuta moyoni jana usiku, ya kwanza kabisa. Mji ambao hakuna anayenijua, nikianguka chumbani Ijumaa watanikuta Jumatatu. Mimi sina mume wa kusema mbona hajaamka. Hiyo ndiyo hofu yangu, mengine yote nilikutajia kwa aibu ya kuitaja hiyo. Unasema wivu? Kila jioni napita hapa nasikia mtaa mzima unavyokuita, halafu naenda kwa mjomba nakaa kimya hadi usingizi unichukue. Huo ni wivu wa miaka, mdogo wangu. Wako wa tangu asubuhi ni mchanga.

Shemeji alitaka kucheka, akajikuta anafuta macho kwa kitambaa cha kushikia birika, kikampaka masizi. Aliona aibu. Wivu wenyewe haukuisha wote; si mkaa kwamba utaumwagia maji uzimike. Lakini dada yake alikuwa ameinama juu ya barua, saa tisa inakuja, na mtu wa kumwambia ukweli alikuwa yeye tu.

— Basi nenda mlimani, akasema. Breki anasema kule huulizi njia kabla hawajajua wewe mtoto wa nani. Na siku usipoonekana wanatuma mtu kukuulizia.

— Alilisema hilo kwa kusifu?

— Kwa kuponda. Nilimjazia mpaka ikamwagika.

Mkunga akaandika mlimani, kwa herufi kubwa, akapigia mstari. Akamshika mdogo wake mkono juu ya jiko, moto na moshi na vyote, akaubana, kisha akaondoka kwa hatua za haraka kuelekea ofisini.

Mzee Kanuni alijaribu kutoa methali ikamkwama. Wembe aligeuza kikombe chake, hakukuwa na kitu ndani, na birika nalo lilikuwa limebaki na tone la mwisho. Ndipo yule mgeni wa gurudumu, ambaye tangu aagize hakuwa amefungua mdomo ila kwa kunywa, akamgeukia Breki.

— Samahani. Huyu dada wa kahawa anaitwa nani?

— Shemeji.

— Huyo ni shemeji yako wewe. Mimi nimeuliza jina.

Breki akamtazama Wembe. Wembe akamtazama Mzee Kanuni, na Mzee, aliyeandika majina ya watu mahakamani kwa miaka thelathini, akatazama chini ya benchi kama aliyeangusha kitu. Walikuwa wamekunywa kahawa ile miaka sita.

— Labda tumwite mumewe, Wembe akasema kwa sauti ndogo.

Shemeji akalichukua birika, akazunguka jiko, akapita mbele ya wale watatu bila kusimama. Akammiminia mgeni tone la mwisho, akainama, akamtajia jina lake. Wale watatu waliegemea upande mmoja wote pamoja kutega sikio, lakini ndani ya kibanda mashine ya kujazia upepo ilikuwa inanguruma, na alilisema mara moja tu.